Soksi Inayoanzia Kidoleni: Safari ya Kitanzi Kutoka Misri Hadi Ifakara

 

Makala ya leo imetokana na sanduku la harusi. Mtoto wa dada yangu ameposwa na kijana wa Ifakara, na baada ya ndoa atahamia kwa mumewe. Jioni moja tulikaa ukumbini tukipanga vitu vyake: kanga, mikoba ya udi, vitambaa vya meza, shuka za kitanda. Mie nikaweka jozi mbili za soksi nilizofuma kwa mkono, za pamba, nyeupe na buluu. Ukumbi mzima ukacheka. "Mama mdogo, soksi Ifakara? Kwa joto lile? Mtu akisikia atadhani naolewa Makete!"

Nilicheka nao, lakini sikuzitoa sandukuni. Nikamwambia nitamwandikia jibu, na kwa kuwa nanyi mna mabinti wanaoolewa bara, nimeona tulisome pamoja. Soksi ina historia ndefu kuliko tunavyodhani, sehemu kubwa ya historia hiyo imepita katika mikono ya Waislamu, na katika bonde la Kilombero imekutana na jambo la uhai na kifo.

Neno moja, kazi mbili

Kwanza tuelewane. Kiswahili chetu kinatumia neno moja, kufuma, kwa kazi mbili zisizofanana. Ipo kufuma ya mtambo: nyuzi za mtande zinanyooshwa, na uzi wa mshindio unapita katikati yake, juu na chini. Ndivyo vinavyofumwa vikoi, na ndivyo wanavyofanya akina mama wa Ifakara wanaofuma vitambaa vya pamba kwa mitambo ya mikono. Na ipo kufuma ya sindano: uzi mmoja tu, unaopindwa kuwa kitanzi, na kitanzi kikavutwa ndani ya kitanzi kingine, safu juu ya safu.

Tofauti hii ni kubwa. Kitambaa cha mtande na mshindio hakinyooki sana, ndiyo maana fundi cherehani anakata na kuunga ili kifuate mwili. Kitambaa cha vitanzi kinavutika na kurudi. Kinaweza kufuata umbo la kitu chenye kona, na mwilini hakuna kitu chenye kona ngumu kama mguu. Vidole vinateremka, unyayo umenyooka, halafu ghafla kisigino kinageuka kuelekea juu. Aliyeweza kukifunika kisigino kwa uzi mmoja, bila kukata wala kuunga, alikuwa fundi kweli.

Mafundi wa Misri

Fundi huyo hatumjui jina. Lakini kazi za mikono ya mafundi wa namna hiyo zipo hadi leo. Miongoni mwa vitu vya kale kabisa vya kufuma kwa sindano vilivyobaki duniani ni soksi za pamba kutoka Misri ya Kiislamu, nyingi zikikadiriwa kuwa za kati ya karne ya 11 na ya 14. Vipande vyake vimetunzwa katika makumbusho mbalimbali, yakiwemo Textile Museum ya Washington, Marekani. Rangi zake ni mbili: nyeupe ya pamba na buluu ya nili. Mapambo yanakwenda kwa mikanda, mengine ya pembe pembe, mengine yenye sura ya herufi za Kiarabu za mtindo wa Kufi.

Misri ilikuwa imejua soksi hata kabla ya hapo. Zipo za karne za mwanzo za Miladia, zenye nafasi ya kutenga kidole gumba ili mtu avae na kandambili. Lakini hizo zilitengenezwa kwa sindano moja yenye tundu, kwa kupitisha uzi wote ndani ya kila kitanzi kama anayeshona. Ni kazi ya polepole sana, na uzi hukatwa vipande vipande. Soksi za pamba za karne za Kiislamu ndizo zilizofumwa kwa namna tunayoijua sisi: vitanzi vinakaa kwenye sindano ndefu, uzi unatoka kwenye donge bila kukatwa.

Na jambo lililonifurahisha zaidi: soksi hizo za Misri zilianzwa vidoleni. Fundi alianza na vitanzi vichache kwenye ncha ya soksi, akaongeza, akapanda na unyayo, akamalizia juu kwenye mguu. Ulaya, baadaye, desturi iliyoenea ilikuwa kinyume chake, kuanza juu kwenye ugoko na kuteremka. Kwa hiyo dada anayefuma leo kuanzia vidoleni na kudhani amejifunza mtindo mpya wa mtandaoni, anarudia njia iliyopitwa na mafundi wa Misri miaka 800 iliyopita.

Inavyofumwa

Kwa wale wenye sindano mkononi, nieleze kwa ufupi. Nitatumia hesabu ya soksi ya mwanamke mwenye mguu wa wastani, kwa uzi mwembamba wa pamba, vitanzi 64 kwa mzunguko. Uzi wako ukiwa mnene, punguza.

Anza na vitanzi vichache, tuseme 10 upande wa juu wa vidole na 10 upande wa chini. Kila mzunguko wa pili, ongeza kitanzi kimoja kwenye kila pembe, yaani vinne kwa mara moja, hadi vifike 64. Hapo ncha imekwisha. Endelea kuzunguka bila kuongeza wala kupunguza, na kila ukifika mahali, vaa soksi yako uijaribu. Hiyo ndiyo raha ya kuanzia vidoleni: mguu wenyewe ndio unaopima.

Zikibaki takriban sentimita 5 kufika mwisho wa kisigino, simama. Sasa vitanzi 32 vya juu ya mguu vinapumzika, na 32 vya chini vinafanya kazi peke yake, kwenda na kurudi. Fuma vyote isipokuwa cha mwisho, zungusha uzi kwenye kile ulichokiacha ili pasibaki tundu, geuka. Rudi, acha cha mwisho upande wa pili, zungusha, geuka. Kila safu inakuwa fupi kuliko iliyotangulia, hadi umeacha vitanzi 11 kila upande na katikati vimebaki 10. Kisha unaanza kuvirudisha: kila safu unakichukua kimoja ulichokiacha, pamoja na ule uzi uliokizunguka, hadi vyote 32 vimerudi kazini. Ukiangalia, utaona umeunda kikombe. Hicho ndicho kisigino. Hakuna kuunga na hakuna kukata. Unarudi kuzunguka vitanzi vyote 64, unapanda na mguu, unamalizia kwa safu za kuvutika, na unafunga kwa mkono mlegevu ili soksi isibane.

Mafundi wa Misri hawakufanya kisigino kwa njia moja. Katika baadhi ya soksi zile inaonekana nafasi iliachwa, mguu ukamaliziwa, kisha kisigino kikafumwa mwisho. Hiyo ilikuwa na faida yake pia, kwani kisigino ndicho kinachotoboka kwanza, na kilichofumwa mwisho ni rahisi kukitoa na kukifuma upya.

Ipo faida nyingine ya kuanzia vidoleni, nayo ni ya mwenye uzi mchache. Gawa donge lako mafungu mawili yaliyo sawa, kila soksi fungu lake. Mguu unafunikwa kwanza, na uzi ukiisha, soksi inakuwa fupi tu. Aliyeanza juu, uzi ukimwishia, anabaki na soksi isiyo na vidole. Mie naliona hili kama nasaha ya ndoa. Anza na kinachohitajika, mapambo yafuate kadiri ya riziki.

Baraka kaburini, kisha mashine

Kutoka nchi za Waislamu ufundi huu ulionekana Hispania. Katika makaburi ya kifalme ya Las Huelgas, karibu na mji wa Burgos, ilikutwa mito ya hariri iliyofumwa kwa vitanzi vidogo mno, ndani ya kaburi la mwana wa mfalme, Fernando de la Cerda, aliyefariki mwaka 1275. Yeye alikuwa Mkristo. Lakini pembeni mwa mto wake mmoja fundi alifuma kwa herufi za Kufi neno la Kiarabu: baraka.

Karne tatu baadaye soksi za kufuma zilikuwa biashara kubwa Ulaya, na mikono haikutosha. Mwaka 1589, Mwingereza William Lee akabuni mashine ya kufuma soksi, yenye sindano nyingi zinazofanya safu nzima kwa mara moja. Serikali ya Malkia Elizabeth haikumpa haki ya kuimiliki biashara hiyo, na mwishowe alikwenda Ufaransa kutafuta bahati. Mashine yake ndiyo iliyobaki na kukua.

Hapa ndipo mwelekeo wa hadithi unapogeuka, nawaomba mnifuate. Katika karne ya 18, mafundi wa Uingereza waliokuwa wakitumia mashine za soksi waligundua kuwa wakihamisha vitanzi kwa makusudi, wanapata kitambaa chenye matundu, yaani wavu. Mnamo miaka ya 1770 ikazuka mashine ya namna nyingine, inayotumia nyuzi nyingi kwa pamoja, kila uzi ukifanya vitanzi vyake na kujifunga na jirani yake. Kitambaa cha namna hiyo hakifumuki ukikikata, na matundu yake hayasogei. Ndiyo mashine iliyozaa, baada ya kuboreshwa mara nyingi, vyandarua tunavyolalia leo.

Naam, dada zangu. Chukua chandarua chako, kitazame kwa karibu kwenye mwanga. Utaona si mtande na mshindio, ni vitanzi. Chandarua ni mjukuu wa soksi.

Bonde la maji

Sasa twende Ifakara. Bonde la Kilombero, mkoani Morogoro, ni tambarare kubwa chini ya milima ya Udzungwa. Mvua zikinyesha mto unafurika na kusambaa, na maji hayo ndiyo neema ya bonde: mpunga mzuri unaosifika hadi kwetu visiwani, na samaki. Wenyeji wake ni Wandamba, Wambunga, Wapogoro na wengine, na leo wamo watu wa kila kabila, misikiti na makanisa katika mtaa mmoja. Reli ya TAZARA inapita hapo tangu miaka ya 1970, na mto uliokuwa ukivukwa kwa pantoni sasa una daraja, lililofunguliwa rasmi mwaka 2018.

Bonde hili limeonja machungu. Vita vya Maji Maji vilipoanza Umatumbi Julai 1905, mahali ambapo watu walichoshwa na kulimishwa pamba kwa nguvu, haikuchukua muda kufika Kilombero. Tarehe 30 Agosti mwaka huo Wambunga na Wapogoro waliishambulia boma ya Wajerumani ya Mahenge. Vita viliisha, lakini njaa iliyofuata iliua wengi kuliko risasi. Kila nikishika uzi wa pamba nakumbuka kwamba zao hili jepesi, jeupe, liliwahi kumwaga damu.

Lakini adui aliyeua watoto wa bonde hili mwaka hadi mwaka hakubeba bunduki. Maji yale yale ya mpunga ni nyumba ya mbu. Watafiti waliopima katika kijiji cha Namawala, karibu na Ifakara, takriban mwaka 1990, walikadiria kuwa mtu mmoja aliumwa na mbu wenye vimelea vya malaria zaidi ya mara 300 kwa mwaka. Ni karibu kila usiku. Na wakati wa kilimo familia nyingi huhamia mashambani kwa miezi, zikilala katika vibanda na madungu yasiyo na madirisha wala milango ya kufunga, mbali na hospitali.

Mwaka 1949 alifika Ifakara mwanasayansi wa Uswisi, Rudolf Geigy, na mwaka 1957 ikafunguliwa hapo maabara ndogo ya utafiti. Maabara hiyo ilikua, ikawa mikononi mwa Watanzania wenyewe, na leo inajulikana duniani kwa jina la Taasisi ya Afya Ifakara. Humo ndimo soksi iliporudi katika hadithi yetu.

Mbu na mguu

Bart Knols, mtafiti wa Uholanzi ambaye alifanya kazi pia Ifakara, pamoja na mwenzake Ruurd de Jong, waliuliza swali linalochekesha: mbu anapenda kuuma wapi? Waligundua kuwa mbu jike wa malaria, yule wa jamii ya Anopheles gambiae, akimkuta mtu amekaa, huiendea miguu na vifundo vyake. Kinachomvuta ni harufu inayotokana na vijidudu vinavyoishi kwenye ngozi ya nyayo. Wakajaribu hata jibini ya Limburger, inayonuka kama miguu, na mbu wakaifuata. Mwaka 2006 wawili hao walipewa tuzo ya Ig Nobel, tuzo ya utafiti unaomfanya mtu acheke kwanza na kufikiri baadaye.

Nasikia mmoja wenu akisema: basi sisi tunaoosha miguu kwa udhu mara tano tumesalimika! Taratibu, shoga yangu. Miguu ya mtu ilipooshwa kwa sabuni ya kuua vijidudu, mbu hawakukata tamaa, walibadilisha tu mahali pa kuuma. Udhu ni ibada, na thawabu yake iko kwa Mola wetu. Tusiifanye kuwa dawa ya mbu kisha tukalala bila chandarua.

Kazi ikaendelea Ifakara kwa mikono ya vijana wetu wa Afrika Mashariki. Fredros Okumu na wenzake walichanganya amonia, asidi ya maziwa na asidi nyingine zinazopatikana kwenye jasho, pamoja na hewa ya kaboni dioksidi, wakapata harufu ya mtu bila mtu. Mwaka 2010 walitangaza kwamba mchanganyiko huo, ukiwekwa mita 10 hadi 100 kutoka alipo binadamu, uliwavuta mbu mara 3 hadi 5 zaidi ya binadamu mwenyewe. Na waligundua kuwa harufu hiyo hushikwa vizuri na vipande vya nailoni, kitambaa kile kile cha soksi ndefu za kike. Mwaka uliofuata kazi yao ya mitego ilipata zaidi ya dola 700,000 za Marekani kutoka Grand Challenges Canada na Bill & Melinda Gates Foundation, na magazeti ya dunia yakaandika kuhusu soksi zinazonuka za Ifakara. Watu walicheka. Nyumba zilizozika watoto hazikucheka.

Siku za karibuni watafiti wa hapo wamejaribu pia kandambili zenye vipande vya kitambaa cha gunia vilivyotiwa dawa ya kufukuza mbu, kwa ajili ya saa zile ambazo watu bado wako nje. Mtaona wazo ni lile lile: linda mguu, kwani ndiko mbu anakoelekea.

Chandarua cha Kilombero

Lakini lililookoa roho nyingi zaidi ni yule mjukuu wa soksi. Mwaka 1997 ulianza katika wilaya za Kilombero na Ulanga mradi uliojulikana kwa jina la KINET. Vyandarua na dawa ya kuvitia viliuzwa madukani na vijijini kwa bei ya kufikika, kwa jina ambalo kila mtu alilielewa: Zuia Mbu. Wajawazito na wenye watoto wadogo walipewa hati za punguzo. Katika miaka 3, watoto wachanga waliolala ndani ya chandarua chenye dawa waliongezeka kutoka chini ya asilimia 10 hadi zaidi ya nusu.

Mwaka 2001 matokeo yakachapishwa katika jarida la tiba la Lancet: kwa watoto wa mwezi 1 hadi miaka 4, vyandarua vyenye dawa viliongeza kunusurika kwa asilimia 27. Someni tena tarakimu hiyo, mkiwafikiria watoto wenye majina, waliocheza na kulelewa. Bonde hilo likawa mfano. Mwaka 2004 Tanzania Bara ilianza mpango wa Hati Punguzo kwa wajawazito nchi nzima, na tangu mwaka 2003 kiwanda cha A to Z cha Arusha kimekuwa kikitengeneza vyandarua ambavyo dawa yake imo ndani ya uzi wenyewe.

Ndiyo sababu, mwanangu, nimeweka soksi sandukuni, na chini yake nimeweka chandarua. Wewe umezaliwa Unguja katika miaka ambayo malaria imepungua mno, Alhamdulillah. Kwa miaka mingi sasa visiwani kwetu waliokutwa na vimelea hawakufika hata mmoja kati ya mia, na wengi wanaougua wametoka safari bara. Hilo ni neema, lakini pia lina hatari yake: mwili wako haujazoea. Mwenzio wa Ifakara aliyeugua malaria utotoni ana kinga kidogo iliyobaki. Wewe huna. Na ukijaaliwa kushika mimba, hatari ni kubwa zaidi, kwako na kwa mtoto, kwani mjamzito wa mimba ya kwanza ndiye malaria inayemwandama khasa. Kwa hiyo lala ndani ya chandarua tangu usiku wa kwanza, usione haya. Homa ikikushika, nenda ukapimwe siku hiyo hiyo. Na mimba ikiingia, wahi kliniki mapema, unywe dawa za kinga unazopewa.

Soksi peke yake si ngao. Mbu huweza kupenyeza mdomo kwenye kitambaa chembamba kilichobana. Inasaidia pale ilipo nzito kidogo, jioni mnapokaa barazani baina ya Magharibi na Isha na mama mkwe, wakati bado hujaingia kitandani. Kitandani ni kazi ya chandarua, na hakuna mbadala wake.

Na sala je?

Soksi ina jambo jingine kwetu wanawake. Katika madhehebu ya Imamu Shafii, ambayo wengi wetu visiwani tunayafuata, nyayo za mwanamke ni sehemu ya kufunikwa katika sala. Kanga ndefu inatosha, lakini ukiinama na kusujudu huenda ikapanda, na soksi inakuondolea wasiwasi. Ugenini, ambako huenda ukasali mbele ya mawifi usiowazoea, utaona faida yake.

Kuhusu kupaka maji juu yake badala ya kuosha miguu, tuwe na tahadhari. Ruhusa ya kupaka juu ya khuffu inajulikana: siku moja na usiku wake kwa aliye mjini kwake, siku tatu kwa msafiri, na kwa sharti la kuzivaa ukiwa na tohara kamili. Lakini Mashafii wanataka kitu kigumu, kinachozuia maji na kinachoweza kutembelewa, na soksi yangu ya pamba haifiki hapo. Wapo wanazuoni wa madhehebu mengine wanaoruhusu soksi nzito, na wapo ndugu zetu wasiopokea upakaji huo kabisa. Muulize mwalimu wako. Kwa soksi hizi nilizokufumia, vua, osha miguu, vaa tena.

Donge lililobaki

Nimempa pia sindano na donge la pamba. Bibi zetu walikaa barazani wakishona kofia za viua kwa ajili ya waume na wana wao, tundu moja baada ya jingine, na katika kukaa huko wakafundishana mambo ambayo hayaandikwi. Mtoto wetu anakwenda mahali ambako hana shoga wala jirani wa utotoni. Huko Ifakara akina mama wanasuka mikeka ya ukili na kufuma vitambaa. Mtu mwenye kazi mkononi hakosi wa kukaa naye, mmoja atamwuliza anafuma nini, naye atamwuliza ule ukili umetiwa rangi gani.

Juzi alinipigia simu. Hakusema kitu kuhusu historia yote hii niliyokuwa nikimsimulia. Aliuliza tu: "Mama mdogo, ukirudisha vile vitanzi vya kisigino, unakichukua na ule uzi uliokizunguka au unauacha?" Nikamwambia, chukua vyote viwili, mwanangu, ukiuacha patabaki tundu.

Mwenyezi Mungu awape mabibi harusi wetu wote maskani yenye utulivu, awahifadhi wao na vizazi vyao, na atujaalie tuwe sababu ya kheri kwa kila nyumba tunayoingia. Aamin. Nawe dada, bibi au somo wako alikuwekea nini sandukuni ambacho ulikicheka, kisha ukaja kukishukuru? Tuandikie, tujifunze sote.